Jinsi ya kutunza nozeli, mpira na vifaa vingine vya mashine ya kuoshea kwa presha

Mashine ya kuoshea kwa presha ikianza kusuasua, lawama huiangukia pampu. "Pampu imekwisha," mtu anasema, na mashine inapelekwa kwa fundi au inasukumwa stoo. Ukiichunguza kwa utulivu, mara nyingi pampu haina kosa. Shida iko mbele yake: chembe ya mchanga imekaa kwenye tundu la nozeli (ncha ya kutolea maji), oringi (pete ya mpira inayozuia maji kuvuja) imechanika, chujio limejaa tope, au sabuni ya mwezi uliopita imegandia ndani ya chupa ya povu. Hivi ni vitu vidogo, huchakaa mapema kuliko pampu yenyewe, na karibu vyote unaweza kuvitunza nyumbani bila karakana.

Kwa hiyo tutaanzia kwenye ncha, pale maji yanapotokea, kisha turudi nyuma kiungo kwa kiungo hadi bombani. Andaa sindano nyembamba ya kuzibulia nozeli (mashine nyingi huja nayo), mswaki wa zamani, ndoo, siki nyeupe, grisi ya silikoni, kitambaa, na oringi kadhaa za akiba za saizi ya viungo vyako. Spana mbili zitafaa kwa viungo vya kufunga kwa nati, basi.

Kabla ya yote, toa presha

Kuzima swichi hakutoshi. Mashine ikishazimwa, maji yaliyomo kati ya pampu na bunduki (mshiko wenye kifyatuo) yanabaki yamebanwa, na kiungo ukikifungua hivyo kinaweza kukurukia usoni. Fuata mpangilio huu kila mara:

1. Zima mashine, chomoa waya wa umeme. Kama ni ya petroli, zima injini na uiache ipoe.
2. Funga bomba la maji.
3. Elekeza bunduki mahali salama, bonyeza kifyatuo na ukishikilie mpaka maji yaishe nguvu na kubaki kudondoka.
4. Rudisha kufuli la kifyatuo. Sasa ndipo ufungue viungo.

Presha hupimwa kwa bar. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 na kidogo. Mashine ndogo ya umeme ya nyumbani hutoa maji kwa bar 100 au zaidi. Kwa nguvu hiyo mchirizi mwembamba unapenya ngozi na kusukuma maji na uchafu ndani ya nyama. Alama inayobaki nje huwa ni kitundu kidogo kisichotisha, huku madhara yakiendelea ndani. Aliyepigwa hivyo apelekwe hospitali saa hiyohiyo hata kama hasikii maumivu makali, na aeleze wazi kwamba ni maji ya presha. Kwa sababu hiyo hiyo, usitafute mahali panapovuja kwa kupapasa mpira na kiganja. Tumia kipande cha boksi.

Hatua ya 1: Nozeli

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Nozeli za kuchomeka hutofautishwa kwa rangi, na rangi huonyesha upana wa maji yanavyotawanyika: nyekundu ni nyuzi 0, yaani mchirizi mmoja ulionyooka, njano ni 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi, yenye tundu kubwa la presha ndogo, ni ya sabuni. Rangi hazisemi ukubwa wa tundu. Ukubwa umechongwa kwa namba ubavuni, na namba hiyo ndiyo ya kunakili unapokwenda kununua nyingine. Nozeli ya kijani ya mashine kubwa ya petroli ukiichomeka kwenye mashine ndogo ya umeme itaingia vizuri kabisa, lakini maji yatatoka yamelegea na utadhani mashine imeharibika.

Kuisafisha, chomoa nozeli kutoka kwenye fimbo (bomba refu la mbele ya bunduki) na uielekeze kwenye mwanga. Tundu lionekane lina kingo safi. Ukiona kivuli upande mmoja, kuna kitu kimekaa. Ingiza sindano kutoka upande wa mbele, ule maji yanakotokea, uisukume taratibu ili uchafu urudi nyuma ulikotoka. Kisha geuza nozeli na upitishe maji ya bomba kwa nguvu kutoka mbele kwenda nyuma. Watu wengi hufanya kinyume: wanasukuma uchafu mbele, kuelekea kwenye tundu jembamba lilelile lililoshindwa kuupitisha. Usitumie msumari wala ncha ya drili. Tundu hilo limechongwa kwa vipimo, na ukilikwaruza, umbo la maji halirudi tena.

Kama maji yenu yana chokaa, utaona ukoko mweupe kuzunguka tundu ambao sindano haiutoi. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, loweka nozeli kwa dakika 20 au 30, sugua kwa mswaki, suuza. Usiziache humo usiku kucha. Nozeli na viungo vingi vina brasi, na tindikali ikikaa muda mrefu huondoa zinki; ukiona brasi imeanza kuwa na rangi ya waridi, ujue umezidisha. Na siki isikutane kamwe na dawa yenye klorini, hata mabaki yake, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Je, nozeli imeziba au imechakaa? Dalili zake hazifanani. Iliyoziba hufanya mashine ipumue kwa mishtuko, bunduki inatetemeka mkononi, na maji yanatoka upande mmoja zaidi ya mwingine. Iliyochakaa haina vurugu: kila kitu kinaonekana sawa, ila uchafu hautoki kama zamani, na wewe unazidi kusogeza ncha karibu na unachoosha. Tundu limepanuka kwa kukwaruzwa na maji yenye mchanga. Hasara yake ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa pampu hutoa kiasi kilekile cha maji kila dakika. Kipenyo cha tundu kikiongezeka kwa asilimia 10 tu, presha inashuka kwa karibu theluthi moja. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo ya kipenyo.

Njia ya kupima ni rahisi. Simama kwenye sakafu ya saruji iliyokauka, shika fimbo wima kwa urefu wa magoti, bonyeza kifyatuo kwa sekunde moja na uachie. Tazama alama ya maji sakafuni. Nozeli nzima huacha mstari ulionyooka wenye kingo kali pande zote mbili. Iliyochakaa huacha mstari mnene katikati, uliofifia mwishoni, au wenye michirizi kama ya chanuo lililopoteza meno. Hiyo haitibiki. Nunua nyingine yenye namba ileile, na usisikitike: nozeli ni kitu cha kubadilishwa.

Hatua ya 2: Oringi na washa

Kila kiungo cha kuchomeka kina oringi ndani, na kiungo cha mpira wa bustani kina washa bapa. Maji yakichuruzika kwenye kiungo, usikimbilie kukaza kwa nguvu. Kukaza kupita kiasi ndiko kunakoikata oringi.

Itoe kwa kijiti cha kuchokolea meno, si kwa kisu wala bisibisi, maana mkwaruzo kwenye mfereji inamokaa utavuja hata kwa oringi mpya. Ikague kwa kuizungusha kati ya vidole viwili: iwe duara, laini, irudi ikivutwa. Iliyokuwa bapa upande mmoja, yenye nyufa ndogo au iliyokuwa ngumu kama plastiki, itupe. Futa mfereji kwa kitambaa, tia grisi ya silikoni kidogo tu, kiasi cha kuifanya ing'ae, kisha irudishe bila kuisokota. Grisi nyingi hubeba mchanga.

Kwa nini silikoni? Kwa sababu haidhuru aina za mpira zinazotumika kwa kawaida kwenye viungo hivi. Mafuta ya mgando ya kujipaka, ambayo kila nyumba inayo na kila mtu huyapendekeza, huvimbisha baadhi ya aina za mpira, na kwa macho huwezi kujua oringi yako ni ya aina gani.

Tepu nyeupe ya mafundi bomba ina mahali pake: kwenye nyuzi za viungo vya chuma visivyo na oringi. Kwenye kiungo chenye oringi au washa haisaidii chochote. Vipande vyake hukatika, vikasafiri na maji, na utavikuta vimeziba nozeli uliyotoka kuisafisha.

Hatua ya 3: Bunduki na fimbo

Hapa hapana mengi. Chomoa fimbo, suuza pande zote mbili, tazama kama kopla (kiungo cha kuchomekea nozeli) inarudi yenyewe ukivuta pete yake. Ikiwa nzito, kuna mchanga: itumbukize kwenye maji ya uvuguvugu, ichezeshe mara nyingi, ikaushe, kisha tone la grisi. Kila unapochomeka nozeli, ivute kwa mkono kabla ya kuwasha. Nozeli isiyokamata vizuri hufyatuka kama risasi.

Kuhusu bunduki, achia kifyatuo mashine ikiwa imewaka na uangalie ncha. Matone machache halafu kimya ni kawaida. Yakiendelea kutoka bila kukoma, vali ya ndani imechoka au imeshikwa na uchafu, na kwenye mashine za umeme zinazojizima zenyewe utasikia mota ikiwaka na kuzima hovyo hata usipoigusa. Ipo miongozo ya kuifungua bunduki na kubadilisha vali. Kwa matumizi ya nyumbani mimi nashauri kununua bunduki nyingine inayolingana na presha ya mashine, kwani kifyatuo kilichofungwa vibaya na kikakataa kuachia ni hatari kubwa kuliko faida ya kuokoa pesa hizo. Na kamwe usifunge kifyatuo kwa kamba ili kupumzisha vidole.

Hatua ya 4: Mpira wa presha

Unyooshe wote ardhini kabla ya kukagua. Uliokunjamana huficha makosa yake. Pita nao kwa macho, ukiugeuza taratibu, na utilie mkazo sehemu mbili: sentimita 30 za mwanzo karibu na mashine na sentimita 30 za mwisho karibu na bunduki. Huko ndiko unakopindwa mara nyingi, na huko ndiko unakochanika.

Mikwaruzo ya ganda la nje pekee si kitu. Lakini ukiona waya wa ndani umechungulia, uvimbe, au sehemu iliyolainika ukiibinya, kazi ya mpira huo imekwisha. Usiufunge kwa tepu, usiufunge kwa klipu za bomba la bustani, usiukate na kuunganisha kwa kipande cha bomba. Viungo vya mpira wa presha hubanwa kwa mashine maalumu, na hiyo ni kazi ya dukani.

Kinachoua mpira mapema ni kuvuta mashine kwa kuutumia kama kamba, kuupitisha kwenye kona kali ya ukuta, na gari kuukanyaga. Ukiisha kazi, ukunje kwa mizunguko mikubwa inayolala yenyewe. Ukiona unapigana nawe, umegeuza upande usio wake.

Hatua ya 5: Chupa ya povu na njia ya sabuni

Chupa ya povu ndiyo huwaudhi watu kuliko kifaa kingine chochote. Siku ya kwanza inatoa povu zito, baada ya majuma kadhaa inatoa maji meupe. Sababu ni ileile karibu kila mara: sabuni iliachwa ndani ikakauka.

Ndani ya kichwa chake mna vitu viwili vya kujua. Cha kwanza ni tundu dogo, lenye kipenyo cha takribani milimita 1.1 au 1.25, ambalo maji hupita kwa kasi na kuvuta sabuni kutoka chini. Cha pili ni kipande cha wavu wa waya uliosokotwa, ambao huchanganya sabuni na hewa kuwa povu. Wavu huo ukijaa sabuni iliyoganda, hewa haipati njia.

Kila ukimaliza kuitumia, mwaga sabuni iliyobaki, jaza chupa maji safi ya uvuguvugu, irudishe kwenye bunduki na upulize mpaka maji yatoke bila povu hata kidogo. Dakika moja au mbili zinatosha. Hilo likifanyika kila mara, hutahitaji kuifungua.

Ikiwa tayari imeziba, fungua kichwa, toa wavu (kwenye baadhi ya chupa unashikwa na pini ndogo), uloweke kwenye maji moto yasiyochemka kwa saa moja, kisha suuza ukiukamua kwa vidole. Ukiwa umebaki na ukoko mgumu wa chokaa, tumia ile siki. Wavu uliobonyea ukawa kama donge hautarudi hali yake. Nao huuzwa peke yake. Zibua tundu kwa sindano, na usisahau mrija wa kunyonyea: mara nyingi umepasuka pale unapovikwa, ukawa unavuta hewa badala ya sabuni. Kata sentimita moja ya mwisho na uuvike upya.

Mashine nyingine hunyonya sabuni kwa mrija wake bila chupa. Huko mna gololi ndogo na springi inayozuia maji kurudi nyuma, na gololi hiyo hupenda kugandia. Zamisha mrija kwenye ndoo ya maji safi kila baada ya kutumia sabuni, tia nozeli nyeusi, uache ivute maji mpaka mrija wote uwe safi. Mrija hautanyonya kitu ukiwa umeweka nozeli ya presha kubwa, kwa hiyo kabla ya kusema kwamba imeharibika, angalia rangi ya nozeli uliyoweka.

Tumia sabuni zilizotengenezwa kwa mashine hizi. Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini hula alumini na brasi, na hukausha oringi. Ikibidi kabisa itumike, suuza kila kiungo mara moja na kwa maji mengi.

Hatua ya 6: Sahani ya sakafu na nozeli ya kuzunguka

Sahani ya kuoshea sakafu ina mkono unaozunguka wenye nozeli mbili pembeni. Zikaguliwe pamoja na zibadilishwe pamoja. Moja ikiziba au ikichakaa kuliko mwenzake, mkono unayumba, sahani inatetemeka na kuacha alama za duara sakafuni. Ipindue, mashine ikiwa imechomolewa, na uusukume mkono kwa kidole: uzunguke kwa ulaini bila kukwaruza wala kuchezacheza juu chini. Ukikwaruza, beringi inataka grisi. Sahani nyingine zina nipeli, kitundu cha kupigia grisi, kwa ajili hiyo. Ondoa nywele na majani yaliyojisokota katikati, na uangalie brashi ya ukingoni kama bado inagusa sakafu.

Nozeli ya kuzunguka ina kijiti ndani kinachosimama kwenye kikombe kidogo cha kauri na kuzungushwa na maji. Kauri ni ngumu lakini hupasuka, na mchanga ndio adui yake. Anza kuitumia ikiwa imeelekezwa chini ili kijiti kikae sawa kwenye kikombe chake kabla ya kuanza kuzunguka. Ikiacha kuvuma na kutoa mchirizi mmoja usiozunguka, isuuze kwa maji kutoka mbele, uitikise. Ukisikia kitu kinagonga ndani kwa ulaini, bado kiko huru na huenda ikarudi. Usiipitishie sabuni.

Hatua ya 7: Chujio la maji yanayoingia

Mahali mpira wa bustani unapoungana na mashine pana kichujio kidogo cha wavu. Kivute kwa koleo, kisuuze, kirudishe. Kama kimetoboka, nunua kingine, kwa sababu kila kinachopita hapo kinakwenda kwenye pampu na baadaye kwenye nozeli.

Ukiwa hapo, pima maji yenyewe. Soma kwenye kibandiko cha mashine inahitaji lita ngapi kwa saa. Mashine ya lita 400 kwa saa inahitaji karibu lita 7 kwa dakika, kwa hiyo ndoo ya lita 10 inapaswa kujaa kwa dakika moja na nusu au chini ya hapo kutoka kwenye mpira uleule unaotumia. Isipojaa, hakuna nozeli itakayokusaidia. Mashine inakosa maji. Pia, kabla ya kuwasha, fungua bomba na ubonyeze kifyatuo mpaka maji yatoke mfululizo bila kukohoa. Hewa iliyobaki ndani hutikisa pampu na oringi zote.

Kuhifadhi

Toa maji yote: chomoa mpira wa bustani, washa mashine kwa sekunde chache tu huku umeshika kifyatuo, kisha izime. Tenganisha bunduki, fimbo na mpira, uvining'inize midomo ikielekea chini. Nozeli ziweke kwenye kikopo chenye kifuniko, kwa kuwa vumbi huingia, na nyigu wadogo wa udongo hupenda matundu ya aina hiyo. Jua kali hukausha mpira na plastiki, kwa hiyo kivuli ni muhimu kuliko uzuri wa stoo. Kunakoganda barafu, maji yaliyobaki ndani hupanuka kwa takribani asilimia 9 yanapoganda, kiasi cha kupasua kichwa cha pampu na bunduki. Vilaze ndani ya nyumba.

Ukiwa umefanya yote na presha bado ni ndogo

Weka nozeli mpya yenye namba sahihi, hakikisha maji yanatosha, viungo havivuji, na hakuna hewa inayovutwa kwenye mrija wa sabuni. Presha ikiwa bado inapanda na kushuka, au maji yanachuruzika chini ya mashine penyewe, hapo ndipo pampu, vali zake au sili zake zinahusika, na hiyo ni kazi ya fundi. Mpelekee mashine pamoja na nozeli na bunduki unayotumia, na umweleze ulichokwisha kubadilisha.